Jina Atakalotaja Mama Kwenye Barafu

Satwa, Dubai
17 Novemba 2024

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyoni, wewe na Mama Anna, na Anna mwenyewe, na Mama yetu, na wote wanaoniulizia hapo Kimilili. Kama mko wazima basi nami ni mzima. Huku baridi imeanza, yaani ile baridi yao ya kuvaa sweta jioni na kulalamika. Mimi nashinda ndani ya barafu, sasa hiyo yao naiona mchezo. Mubin, yule fundi cherehani wa Bangladeshi ninayekaa naye chumbani, anakusalimu. Amemshonea Anna gauni, utalipata pamoja na barua hii. Likiwa kubwa asilie, atalijaza.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu mambo yenyewe si ya simu. Simu yako hapo nyumbani inashikwa na kila mtu, na hii yangu sijui nani anaisikiliza. Mercyline, yule mchuuzi wa hapo Kimilili, amekuja soko la Naif kununua nguo za watoto za Krismasi, na atarudi akishapakia. Nimemwambia hii ni barua ya mapenzi. Akacheka, akaitia ndani ya soksi za watoto.

Kaka, nimechaguliwa Mechi ya Nyota. Unajua ligi yetu ya magongo ya barafuni ni ndogo. Timu sita, mishahara ya kubahatisha, na watazamaji ni familia za Warusi na Wakanada na vijana wa Kiarabu waliokuja kukimbia joto. Lakini mara moja kwa mwaka wanachukua wachezaji bora wa timu zote, wanawagawa pande mbili, wanacheza wao kwa wao. Mashabiki ndio wanaopiga kura. Sasa sijui nani aliwaambia walinzi Wakenya! Kila Mkenya anayesimama mlangoni Dubai hii, kuanzia hoteli za Garhoud mpaka maduka ya huku kwetu, amenipigia kura akiwa kwenye zamu. Kipa aliyenifuata ni Mfini, maskini ya Mungu, ameachwa mbali. Nilifurahi, sikufichi. Nilijifungia chooni nikapiga kelele.

Halafu Ghanim, meneja wa timu yetu, akaniambia utaratibu wa siku yenyewe. Kila nyota anaingia na mzazi wake. Ligi inalipa tiketi. Taa zinazimwa, mchezaji na mzazi wanasimama katikati ya barafu, na mzazi anapewa maikrofoni amtaje mwanawe kwa jina. Mtangazaji hatii neno. Kwao ni jambo tamu sana. Akaniuliza kama nina mzazi aliye hai, na mdomo wangu ukanitangulia: “Ninaye mama, anaitwa Lois.” Ghanim akapiga makofi. Yalla, mama aje!

Sasa fikiria. Mama yetu huyu, mbele ya watu na kamera. Na huku mimi ni wewe.

Sikukumbushi kwa kukulaumu, nataka tu uone hatari. Tangu wiki ile Baba alipofariki, visa ikiwa imeshatoka kwa jina lako, na wewe kifungua mimba huwezi kuondoka kabla hujamzika, nikapanda ndege na pasipoti yako kwa vile sura zetu ni moja, hakuna aliyewahi kuniita Naftali hapa. Kitambulisho ni Gibson. Mkataba ni Gibson. Jicho langu lilipopimwa pale uwanja wa ndege liliandikishwa Gibson. Mgongoni mwa jezi ni Gibson. Siku jina hilo likipinduka ni jela kwanza, kisha kufukuzwa, na nyumbani watakuja kukuuliza wewe pasipoti yako ulimpa nani.

Na Mama hajui kudanganya. Mzee wa kanisa la Friends! Umesahau kortini, ile kesi ya mpaka wa shamba? Alikataa kuapa kwa Biblia, akasema ndiyo yake inatosha, kisha akatoa ushahidi uliotupotezea mstari mzima wa migomba kwa sababu kweli ilikuwa ya jirani.

Nifanyie hili moja, kaka. Asije. Mimi nitasema ana presha. Wewe usimwambie kabisa kwamba kuna mwaliko. Nijibu upesi, Mercyline atakuja tena kabla ya mwaka kwisha.

Mdogo wako.


Kimilili
12 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Barua ya mapenzi imefika, na soksi pia. Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu. Mahindi tumevuna, si mabaya. Ng'ombe amezaa ndama jike. Gauni la Anna limemfika kwenye vidole vya miguu lakini amelala nalo siku tatu, mwambie Mubin asante. Roselyne wangu anakusalimu na kuuliza kama utaoa lini, au unangoja mwanamke wa barafu.

Hayo ya kumficha Mama umechelewa.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kwenye mashine yangu ya kusaga, redio iko juu ya gunia, nikasikia kwamba kijana wa Kimilili, Gibson Wekesa, amechaguliwa nyota wa magongo ya barafuni huko Dubai. Kulikuwa na mama mmoja anangoja unga wake. Akanitazama, akatazama unga ulionijaa kichwani, akasema, “Kumbe hiyo ndiyo barafu yenyewe.” Tulicheka. Lakini alipoondoka tu niliizima redio.

Kesho yake mwandishi wa redio akaja na pikipiki anatafuta nyumbani kwa nyota. Mimi niko langoni, sijui niseme mimi ni nani. Jirani yetu Sammy, unamjua mdomo wake, akaruka ua: “Huyu? Huyu ni Naftali, mdogo wake Gibson! Wamefanana, sivyo?” Na majirani wote wakadakia, Naftali, Naftali, mletee mgeni kiti. Nikamletea mgeni kiti. Nikahojiwa kuhusu kaka yangu Gibson, jinsi alivyokuwa mtoto mwenye bidii. Nimejisifu mpaka nikaona haya. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinaniita jina lako, wanafanya mazoezi. Anna ameniuliza kama amepata baba mwingine.

Mama alikuwa akitusikia. Aliinuka akaenda kwa kuku. Lakini yule mwandishi akamfuata hukohuko akamwambia, Mama, nimesoma kwamba wazazi watapelekwa Dubai, umejiandaa? Mama akatoka bandani na mayai mawili mkononi. Jioni akaniambia, “Nitaenda.” Ameshaomba pasipoti. Kanisa limefurahi mno, wanamtafutia koti.

Unajua miaka hii yote hajatutaja kwa majina. Mimi ni Baba Anna, wewe ni yule wa ng'ambo. Hataki jina la mmoja litoke kinywani mwake likamkalie mwingine. Basi nikamuuliza waziwazi: “Mama, watakupa maikrofoni umtaje. Utasema nini?”

Akasema, “Nitasema kilichoko.”

Nilingoja aongeze. Akaniambia nikafunge ndama.

Kaka yako.


Satwa, Dubai
5 Januari 2025

Kaka,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mimi ni mzima wa mwili.

Kilichoko! Kilichoko ndiyo nini? Nimelisoma neno hilo mpaka karatasi imelegea mkononi. Kama angesema nitasema ukweli ningejua nimekwisha. Kama angesema nitasema unavyotaka ningelala. Sasa nimekaa katikati.

Nilimwendea Ghanim nikamwambia mama yangu ni mzee, ana haya mbele ya watu, labda aseme tu “mwanangu”, inatosha. Akanishika bega akacheka. La, habibi. Uwanja mzima unangoja jina, jina likitajwa ndipo taa zinawaka na muziki unapigwa. Asipolitaja taa haziwaki! Nikasema basi asije kabisa, magoti yake si mazuri. Akasema kiti cha magurudumu kipo, na tiketi imeshatoka, na kafeel mwenyewe, mdhamini wa visa yangu, anataka kumsalimu. Wema wa watu hawa ndio utakaonifunga.

Mazoezini nimekuwa ovyo. Kile kisahani cheusi wanachokipiga badala ya mpira, siku hizi nakiona kimeshapita. Kocha ameniuliza kama naumwa macho. Nikasema ni vumbi. Vumbi, ndani ya barafu!

Kaka, wewe Mama anakusikiliza. Keti naye. Mweleze hatamki uongo wowote, kwamba Gibson ni mwanawe kweli, amemzaa kweli, atakuwa anataja jina la mwanawe tu, basi. Mfundishe hivyo. Roselyne amsaidie. Nategemea wewe.

Mdogo wako.


Kimilili
24 Januari 2025

Mdogo wangu,

Sote hatujambo. Shule zimefunguliwa, Anna amepanda darasa. Pasipoti ya Mama imetoka, picha yake ameikunjia uso kama anayedaiwa. Kanisa limempa koti la sufu, glavu, na soksi nzito, na kina mama wamemwimbia. Mtu angedhani anahamia kwenye theluji.

Nimefanya ulivyoniomba. Jumamosi baada ya chakula Roselyne alimshikisha mwiko, akasema, Mama, tuseme hii ni maikrofoni, na mimi ndiye mtangazaji. Huyu kijana ni nani? Mama akaushika mwiko. Alicheka kidogo. Halafu akaurudisha ndani ya sufuria akasema, “Ugali utaganda.” Nikaingia mimi na lile somo lako, kwamba Gibson amemzaa kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Baba Anna, hicho ulichosema, ungekubali Anna akwambie wewe?”

Sasa nami niseme langu, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mwaka juzi binamu yetu aliyeko Doha alinipatia kazi ya udereva. Nafasi yenyewe kabisa, ya kampuni. Nilimwambia mgongo unaniuma. Mgongo wangu hauna neno lolote. Nisingeweza kuomba pasipoti, kwa sababu Gibson Wekesa tayari anayo, yuko Dubai anadaka. Sikukwambia, wala sikumwambia Roselyne. Hadi leo ananikanda mgongo.

Sikulaumu. Baba alikufa siku aliyokufa, hakuna aliyepanga. Unatuma pesa, hujatusahau. Lakini ile siku ya redio niliposikia jina langu likisifiwa, nilisimama nikangoja, kama mtu anayesubiri kuitwa mbele. Kisha nikakumbuka si mimi. Basi usiniandikie tena nimfundishe Mama cha kusema. Nimeshindwa, na tena sitaki.

Mama anaondoka tarehe kumi na tisa Februari. Mvalishe vizuri huko barafuni, kifua chake si kizuri.

Kaka yako.


Satwa, Dubai
9 Februari 2025

Kaka,

Salamu kwa wote.

Kuhusu Doha, kama ungeniambia ningefanya nini, sijui, lakini ningependa uniambie. Mwambie Roselyne asikukande tena.

Nina swali moja na nataka unijibu kama ndugu. Wewe unataka aseme? Unataka asimame pale aseme huyu ni Naftali? Nimekaa na barua yako na kila nikiisoma naona umeniachia mlango wazi. Kama unataka, niambie sasa, nijue nina adui wangapi. Hapana, nifutie hilo la adui. Niambie tu.

Ghanim ameweka picha yangu kwenye bango mlangoni mwa uwanja. Walinzi wanapita wanapiga picha nalo. Kila mmoja ananiuliza, Gibson, Mama anakuja? Nawajibu inshallah. Jana nimefungwa mabao tisa mazoezini na watoto wa akademia.

Kama bado kuna muda, mwambie Mama ajifanye amepotewa na sauti. Akohoe tu, waelewe. Kukohoa si uongo. Mercyline anaondoka kesho, amesema wiki haitaisha utakuwa nayo mkononi. Nijibu hata kwa mstari mmoja. Mpe Mama aje nao.

Mdogo wako.


Satwa, Dubai
26 Februari 2025

Kaka yangu!

Salamu tele, tele sana. Barua hii anakuletea Mama mwenyewe mkobani, basi habari za afya yangu muulize yeye. Jibu lako halikuja naye, lakini sasa si kitu. Kaka, tumepona!

Nianze mwanzo. Nilimpokea uwanja wa ndege na koti lake la sufu, jasho linamtoka, hataki kulivua kwa sababu ni la kanisa. Miaka tisa. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanigeuza huku na huku, akasema, “Umekonda shingo.” Nilikuwa nimejiandaa kumwomba kuhusu jina. Nikashindwa. Siku tatu nilizokuwa naye kabla ya mechi, kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nimekula.

Jumamosi ikafika. Walimvisha viatu vyenye meno chini, wakatandika zulia mpaka katikati. Sisi nyota tuliitwa mmojammoja. Mfini aliingia na baba yake, mzee mnene, akalitaja jina la mwanawe huku analia, taa zikawaka, muziki. Wa pili, wa tatu. Zamu yetu ilipofika taa zilizimwa nikahisi mkono wa Mama kwenye glavu yangu. Nilikuwa natetemeka mpaka vyuma vya miguuni vinalia kwenye barafu. Nilimwambia kwa sauti ya chini, “Mama, nisamehe.” Aliubana mkono wangu.

Ghanim akampa maikrofoni. Akamuuliza kwa Kiingereza chepesi, Mama, huyu ni nani?

Aliisogeza karibu na mdomo. Nilimsikia mtoto fulani anakohoa kule juu. Nikawaza, sasa ndiyo, khalas, yamekwisha, na nikaanza kufikiria nguo zangu ziko wapi na Mubin atampa nani kitanda changu.

Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya kufungua ibada: “Huyu ni Gibson. Gibson Wekesa. Kifungua mimba wangu.”

Hakutetemeka hata kidogo! Na hilo la kifungua mimba hakuna aliyemuuliza, aliliongeza mwenyewe. Taa zikawaka, na wale walinzi, walikuwa wamejaza upande mzima wamekuja na sare za kazi, walipiga kelele mpaka Warusi wakaziba masikio. Kafeel alikuja akamwinamia Mama. Nami nikaenda golini mwepesi, nikadaka kama niliyezaliwa upya. Unajua mechi hii hawagongani, wanachezeana madoido tu, lakini niliokoa mikwaju ambayo hata mimi sikuiona. Tulishinda.

Baada ya mechi kulikuwa na karamu ya wazazi. Mama hakula, alisema tumbo limejaa hewa ya ndege. Tulipofika chumbani aliomba maji, akasukutua mdomo muda mrefu pale kwenye sinki, kisha akakaa kitandani kwangu amefumba macho, kama wanavyokaa kanisani wakingoja Roho. Uchovu tu, na ile baridi. Asubuhi alinipikia ugali na sukuma tuliyoitafuta Satwa nzima. Alicheka na Mubin kwa ishara.

Na sikiliza hili. Ghanim amenipa mkataba mpya, miaka miwili, mshahara wa mchezaji kamili. Nimeambiwa nisaini kabla ya mwisho wa Machi. Nikisaini nitakutumia ya kununua mashine ya pili. Hofu yote ile, na ilikuwa bure. Mama wetu ni jasiri kuliko sisi wote. Mtunze, na umwambie asilivue koti mapema.

Mdogo wako, mwenye furaha.


Kimilili
17 Machi 2025

Mdogo wangu,

Natumaini uko salama. Huku mvua imeanza kunyesha, tunatayarisha mbegu. Anna ana mafua. Roselyne anakusalimu. Nimemwambia habari za Doha na za mgongo, alininunia siku mbili, sasa amenisamehe.

Barua yako ya mwanzo wa Februari ilinifikia Mama akiwa ameshaondoka. Mizigo ya Mercyline ilizuiliwa kwa ajili ya ushuru, na barua ilikuwa ndani. Ndiyo maana sikukujibu. Uliniuliza kama nataka Mama aseme. Najibu sasa.

Nilitaka. Siku ile ya mechi tulikuwa tumejaa kwa Sammy kuitazama, simu imeegemezwa kwenye birika, picha inakwama. Taa zilipozimwa huko kwenu nilifumba macho nikaomba, lakini sikuomba unavyodhani. Niliomba ataje Naftali. Nilijua ni jela, na bado niliomba, kwa sababu nilitaka kusikia jina langu likirudi nyumbani. Kisha nikamsikia akisema kifungua mimba wangu, na mimi nimesimama nyumbani kwa Sammy. Watu walirukaruka. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo chake, na Sammy akawaambia watu nimezidiwa na furaha.

Umesema hofu ilikuwa bure. Ngoja nikueleze.

Mama alifika Alhamisi. Ijumaa alifua lile koti, Jumamosi akalikunja. Jumapili kanisa lilikuwa limejaa, kila mtu anataka kusikia habari za Dubai. Wakamwita mbele. Aliinuka na koti mkononi, akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: “Nawashukuru kwa koti. Nilikwenda nikasema neno ambalo si kweli, mbele ya watu wengi, kwa hiari yangu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mzee wa kanisa hili.”

Unajua hapa sote tunajua, hata mchungaji anajua, yeye mwenyewe aliniita Naftali mbele ya mwandishi. Akamwendea Mama kwa upole, akamwambia, Mama Lois, Mungu anauona moyo. Tubu tu, tukuombee, yaishe hapahapa, na kazi yako uendelee nayo. Kina mama wakaitikia, ndiyo Mama, tubu tu.

Mama akasema, “Kutubu ni kusema sitarudia. Mkinirudisha pale kesho wakanipa ile maikrofoni, na mwanangu anatetemeka vile, nitasema vilevile. Basi nitatubuje?”

Akaweka funguo za kanisa juu ya meza. Miaka ishirini na sita amezishika. Akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, na wale wenye watoto wachanga. Na tangu siku hiyo ndipo anapokaa. Juzi walimfuata nyumbani wazee watatu kumsihi. Aliwapikia chai, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi akaniambia nipeleke ndama kivulini.

Mashine ya pili siitaki. Mkataba wako nimeusikia, miaka miwili. Wewe ni kipa mzuri, mwakani watakuchagua tena, na wale walinzi watapiga kura zao, na Ghanim kwa wema wake atamtumia Mama tiketi. Na atakuja. Usidhani atakataa. Atavaa viatu vyenye meno na atasema.

Kwa hiyo usisaini. Njoo nyumbani, Naftali, kabla hawajamwita tena.

Kaka yako,
Gibson.